Bawa Chini ya Ubao

Nguchiro alikuwa hodari wa kuruka viunzi na kupenya mapipa, lakini aliogopa ubao wa bembea. Sheria ya mashindano ilimtaka abaki juu yake mpaka uguse ardhi, naye, kwa kuuogopa ule mshindo, aliruka pembeni mapema. Akiruka tena angefutwa mchezoni.

"Mpigie kelele," Nyani alimwambia Kanga, mwalimu wa Nguchiro. "Wewe kelele hazikuishii."

Kanga hakupiga kelele. Kila walipofanya mazoezi, alitandaza bawa lake mahali ubao ulipoangukia, ili usitoe mshindo.

"Mama Kanga, utaumia."

"Basi shuka taratibu, mwanangu."

Nguchiro akajifunza kushuka taratibu, kwa kulihurumia lile bawa.

Siku ya mashindano walimu walikatazwa kugusa chochote. Kanga alikimbia kando ya mwanafunzi wake, mabawa ameyakunja.

"Leo godoro limebaki nyumbani," Nyani akacheka.

Nguchiro alipanda hadi katikati, ubao ukaanza kuinama. Alitazama chini, akaona patupu. Akasita kidogo, kisha akashuka unyayo kwa unyayo, kana kwamba bawa lingali pale. Ubao ukatua kimya.

Korongo, aliyekuwa mwamuzi, hakuamini kwamba ubao umefika. Akainamisha shingo yake ndefu, akachungulia. Majani yalikuwa yamelala chini ya ubao.

"Umegusa," akanong'ona, kama anayeogopa kumwamsha mtoto.