Mistari Minne

"Mara ngapi?" Msumeno aliuliza kwa mara ya tatu, na ukumbi mzima ukaacha kujipepea.

Binti wa fundi redio aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake. Miaka mitano alikuwa akiunda lugha mpya ya kuandikia programu za kompyuta, lugha yenye mkaguzi ndani yake: ukiandika jambo la hatari, mkaguzi anakataa na programu haiwaki. Leo alikuwa anaitetea mbele ya watahini watatu, mmoja wao huyu profesa ambaye wanafunzi walimbandika jina la Msumeno. Akifaulu, anatoka humu daktari. Akifeli, nafasi yake ya kufundisha inapewa mwingine Jumatatu.

"Mara moja," alisema. "Katika mistari elfu kumi na moja, nimemzima mkaguzi mara moja tu. Mistari minne."

"Minne!" Msumeno aliwageukia wenzake kama mtu aliyekuta unywele kwenye mchuzi. "Hata mwizi huingilia dirisha moja tu."

Nyuma ukumbini ukoo mzima wa binti ulikuwa umejazana na maua yao. Sifa za Msumeno walizisikia kabla hata hawajapata viti: mwaka huu pekee watu watatu wametoka mbele yake wakilia, na mmoja hajaonekana chuoni tena. Ati naye aliwahi kuunda lugha yake, ikafa bila matanga. Na lile koti zito, kwenye joto hili, la nini?

"Kaficha mkia," alisema shangazi, wala hakushusha sauti.

"Hiyo minne inafanya nini?" Msumeno aliuliza.

Programu aliyoiandika kwa lugha hiyo ilikuwa ya pampu ya kisukari, kile kisanduku cha kiunoni kinachompa mgonjwa insulini bila kuguswa. "Betri ikishuka chini ya asilimia kumi," binti alieleza, "pampu inaandika dozi ya mwisho, inajizima, kisha inajiwasha upya. Mkaguzi alinikwamisha hapo miezi miwili. Nikamzima, nikaipitia mistari kwa macho yangu."

"Na macho yako yakikosea?"

"Pampu itasahau kwamba imeshatoa dawa. Itatoa tena."

"Na tena, na tena, mpaka mgonjwa asiamke."

"Hayajakosea, Profesa. Wagonjwa kumi na wawili wa kujitolea wameivaa siku arobaini. Hakuna aliyedhurika."

Hakuwajua, wala hakuruhusiwa kuwajua. Hospitali ilimletea namba na fomu tu. Namba saba ndiye aliyekuwa mwiba: kila wiki alijaza fomu kwa herufi kubwa, MAELEKEZO HAYA KAANDIKA MLEVI GANI, na maabara walimsoma kwa sauti wakati wa chai, wakicheka mpaka machozi.

"Wanachaji lini?" Msumeno aliuliza.

"Kila asubuhi. Ndivyo tulivyowaagiza."

"Kwa hiyo betri haijawahi kushuka hata siku moja. Unatuuzia mwavuli ambao haujawahi kunyeshewa!"

Mwenyekiti wa watahini, kwa kutaka kupoza mambo, alimsogezea soda. Msumeno aliisukuma pembeni bila kuitazama.

"Ungemvalisha mtu wako?"

"Sasa hivi."

"Betri ikiwa chini?"

"Hata ikiwa chini!" Binti alikuwa amepandisha mori. "Profesa, wewe hutafuti kosa. Unatafuta wa kuzikwa pamoja na lugha yako."

"Mpe! Mpe, mwanangu!" shangazi alisimama. Mwenyekiti aligonga meza mpaka glasi zikacheza.

Kura haikuchukua muda. Wawili walimkubali. Msumeno alikataa, akasema kazi hiyo hata kufungia maandazi haifai. Lakini wawili walitosha. Mwenyekiti alivuta karatasi ya matokeo ili aweke sahihi, na shangazi akapiga kigelegele kilichotikisa vioo.

"Hongera, daktari! Na aliyenuna apasuke!"

Ndipo kitu kikalia. Milio mifupi mitatu, kisha mmoja mrefu. Watu wakapapasa mifuko, kila mmoja akidhani ni simu yake.

Binti hakupapasa. Mlio ule aliutunga yeye.

Msumeno alifungua koti, akapandisha shati. Kisanduku kilikuwa kiunoni, taa yake ikipepesa nyekundu, na kibandiko cha hospitali kilikuwa kimeanza kubanduka pembeni: 7.

"Sijachaji tangu juzi," alisema, akavuta kiti, akaketi. "Kaa, daktari. Tuisubiri hiyo minne."

Kalamu ya mwenyekiti ilikuwa bado hewani.

"Ivue!" binti alipiga ukelele, na mkono wake ulikuwa umeshaushika mrija wa pampu.