Bastola Iliyopitia kwa Mkwe

Verlin ndiyo kwanza amefungua boksi la bastola iliyonunuliwa mtandaoni, pale mume wa binti yake alipoingia kwenye duka lake la silaha, akasimama kama aliyekanyaga msumari.

"Kumbe wameileta kwako, mzee?"

"Hapa Montana silaha ya mtandaoni haiji mlangoni kwako, baba. Hupitia duka lenye leseni. Ulipobonyeza 'duka la karibu' ulidhani ni la nani?"

Kijana akacheka. "Nilikuwa nakimbia bei zako."

"Ulikuwa unayakimbia macho yangu."

Mkono ulionyooka kudai mzigo ulikuwa na kidonda kibichi kwenye kifundo cha kidole, chembamba, kimepinda kama ukucha. Alfajiri ile binti wa Verlin alikuja na jino lake la mbele kwenye leso, akasema ameanguka ngazini. Sasa alikuwa amelala chumba cha nyuma ya duka.

"Aliyekuuzia hakuuona mkono huu," Verlin akasema. "Mimi nauona. Sikupi."

Kijana akaruka kaunta, akaipokonya bastola na kumtwanga nayo mzee kipajini. Verlin akaangukia kabati la vioo, damu ikimziba jicho. Kwa jicho lililobaki akamwona mkwewe akirarua pakiti ya risasi rafuni na kuanza kuzishindilia kwenye bastola.

"Yuko wapi? Leo nawamaliza wote!"

Mlango wa nyuma ukafunguka. Binti alikuwa ameegemeza bunduki ya baba yake kwenye bega.

"Yako bado unaijaza," akasema kwa mdomo uliovimba. "Hii ya baba hulala imejaa."