Kocha Hapokei Inshallah

Siku hizi mkurugenzi haruhusiwi kusema "inshallah", "tutaona" wala "nipo njiani" ilhali bado yumo bafuni. Kila bosi ana kocha aliyepandikizwa sikioni, naye hutaka lengo lililo wazi na tarehe yake. Ukiteleza mara tatu, kiti anapewa mwingine. Mimi nilishateleza mara mbili.

Imenisaidia, sikatai. Kiwanda changu cha sabuni kina matawi manne, na kichwa hakiniumi tena.

Jana mama alipiga simu kutoka Pangani. Mguu umevimba, dawa hazimshiki.

"Mwanakheri, sikukuu ya Idi utakuja?"

"Siku ya Idi una ukaguzi," kocha akaninong'oneza. "Jibu kwa uwazi."

"Sitakuja, mama."

Akacheka. "We mtoto, nani kakuuliza ukweli? Sema inshallah basi, nipate nguvu ya kupika mkate wa kumimina."

Neno lilinifika mdomoni. Nikakumbuka kiti, nikalimeza.

"Sitakuja, mama."

"Hongera," kocha akasema.

Kabla mama hajakata simu, nilimsikia akimwambia jirani, "Yule jogoo wa Idi mfungulie tu, aende zake."

Nikakaa nikingoja machozi.

"Unatarajia yaje saa ngapi?" kocha akauliza.