Kumbukumbu Aliyoleta Mama Mkwe

Siku hizi sheria hairuhusu kompyuta ya nyumba kufuta agizo. Ikizidiwa, inaliweka kiporo. Yetu ilikuwa inajikokota hata kuchemsha chai, basi mama mkwe wangu, Bi Tumu, akatuletea kumbukumbu ya ziada na kuichomeka mwenyewe.

"Mashallah, mwanangu, imekuwa nyepesi!"

Nyepesi kweli. Ikaanza kumaliza viporo: ikafua mapazia, ikapiga deki. Tuliponawa kula, jiko likatoa wali kiganja kimoja, na kompyuta ikaniambia kwa adabu, "Saumu, nimetimiza agizo lako la mwezi wa Ramadhani: 'Yule mama akija, pika kidogo, asije akazoea.'"

Nikainamia sinia. Bi Tumu akarudisha tonge lake taratibu.

"Nimeshiba, mwanangu," alisema, akaiomba kompyuta imfungulie mlango.

Ilifungua papo hapo.