Mama Shomari

Anayejiunga na makomandoo hufutwa kwenye kumbukumbu za watu wa nyumbani kwao na wa mtaa mzima, ili adui asipate wa kumteka. "Hawaumii," ofisa aliniambia. "Hawatajua kama ulikuwepo." Fomu nilikuwa nayo mapajani, imebaki sahihi tu.

Mimi ndiye mtoto wa kwanza, kwa hiyo mama huitwa Mama Nasra. Asubuhi ile akaja jirani aliyerudi kutoka Muskati baada ya miaka kumi.

"Hodi, Mama Shomari!"

"Abee!" mama aliitika, akatoka jikoni mbio, anacheka. Mlangoni akasita, akanigeukia.

"Nasra, Shomari ni nani?"

Sikujua. Lakini niliposikia jina hilo nilikuwa nimeshasogea mkekani, kumwachia mtu nafasi.