Jina Kwenye Programu

Mke wa fundi sauti alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha mumewe, akisoma kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Imetengenezwa na," akasoma, kisha akalitaja jina la mumewe kwa madaha. Shemeji mwenye studio, kaka yake huyo mke, akapiga makofi. "Kumbe tuna kichwa namna hii kwenye ukoo, na sisi tumelala."

Programu ile ya kusafisha sauti haikuwa kazi ya fundi sauti. Msimbo wake wote, yaani maagizo yanayoiendesha, ulitolewa bure mtandaoni na mtu asiyemjua, mwenye ombi moja tu: jina lake lisiondolewe. Yeye aliliondoa. Alilisaka kila lilipojificha, akapachika lake, ndipo akaugeuza msimbo kuwa programu na kuisakinisha hapa studio. Cha kwake hakuongeza hata nukta.

"Na hapa chini pameandikwa nini?"

Kidole cha mkewe kilishuka polepole, ukucha ukikwaruza kioo, hadi kwenye mstari mwembamba chini ya vitufe. Mstari huo haukuwa na jina la mtu, ndiyo maana ulimponyoka.

"Kwa binti yangu," mkewe akasoma, "aliyezaliwa hasikii."

Makofi yakakoma. Nyumbani walikuwa na watoto wawili, wote wa kiume.

Kidole kilibaki palepale. Mkewe hakupandisha sauti.

"Baba watoto," akasema, "huyu binti ana miaka mingapi?"