Sharti la Machano

Programu ya kukokotoa dozi za watoto ilikuwa na sehemu mbili. Moja ilinunuliwa, na leseni yake ilikataza msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha, kuonyeshwa kwa mtu yeyote. Nyingine aliiandika marehemu Machano, akaitoa bure kwa sharti moja: atakayeigawa pamoja na kazi ya mwingine, aonyeshe msimbo wa zote. Leseni hizo hazingeweza kukaa katika diski moja, na hospitali ilikuwa ikiisubiri diski siku hiyo.

"Futa leseni ya Machano," alisema Mzee Shehe, mwenye ofisi. "Maiti hashitaki, binti."

"Lakini kazi ni yake, mzee," alisema Hiari, fundi wake wa kompyuta.

"Basi mpelekee salamu."

Hiari akaifuta, akachoma programu kwenye diski, akaifungua kuihakiki. Leseni ilikuwa mahali pake. Akaifuta tena, akachoma diski mpya. Ilirudi, na safari hii chini ya jina la Machano palikuwa na mstari mpya: "Waliokubali sharti: Hiari, Shehe."

"Nani kaandika hivyo?" Shehe aliuliza kwa sauti ndogo.

Hiari akachomoa waya wa umeme. Kompyuta ikazimika. Kisha trei ya diski ikatoka yenyewe, polepole, ikabaki wazi mbele yao kama kiganja.